Karamu ya Mtoto Aliyefuzu: Je, Chakula cha Kutosha Ni Kiasi Gani?



Mtoto wenu amefuzu. Jina lake limo katika orodha ya watakaovaa joho, na nyumba nzima sasa ina neno moja tu: sherehe. Baba anataja watu mia tatu. Mama anasema mia moja na hamsini wanatosha. Shangazi amekwisha kupiga simu kwamba atakuja na watu wa kwao, na akina mama wa jumuiya wanauliza waje kupika saa ngapi. Usiku mnaingia chumbani, mnafunga mlango ili watoto wasisikie, na kabla hamjafika kwenye kilo za mchele mmekwisha kukasirikiana.

"Mama watoto, unataka tuchekwe?" anauliza bwana.

"Baba watoto, nani atalipa?" anajibu bibi.

Maswali haya yote mawili ni ya haki. Taabu ni kwamba hakuna linalojibu lingine. Mmoja anazungumza juu ya heshima, mwenzake anazungumza juu ya mali, na kila mmoja anadhani mwenzake hasikii. Ndiyo maana ugomvi wa chakula cha sherehe hauishi kwa kutafuta mpishi mzuri wala duka la bei nafuu. Kabla ya kuuliza ni kilo ngapi, kuna maswali matatu yanayotangulia: tunamlisha nani, kwa mali ya nani, na kwa ajili ya nini? Mkiyajibu pamoja, kilo zitapatikana bila kelele. Mkiyaruka, mtapika gunia zima na bado mtalala mmegeuziana mgongo.

AIBU SI UPUUZI

Tuanze na bwana anayeogopa kuchekwa. Ni rahisi kumwambia kwamba hayo ni majivuno tu, na kwamba Mkristo hajali watu wanasema nini. Lakini tusiwe wepesi hivyo. Chakula kinapokwisha wageni wengine wakiwa bado na sahani tupu mikononi, anayeumia si mwenye nyumba peke yake. Ameumia pia mzee aliyepanda matatu mbili kuja kumpongeza mjukuu wa rafiki yake, na mama aliyeacha shamba lake siku nzima. Mgeni huyo ameambiwa, bila neno, kwamba hakuhesabiwa. Hofu ya kumtendea mtu hivyo ni hofu njema.

Injili ya Yohane, sura ya pili, inatuonyesha arusi ya Kana ambapo divai iliwatindikia wenyeji. Mama Maria hakusema kwamba watu hao walikosa mpango. Hakuwasema kwa wageni. Aliona upungufu, akampelekea Mwanawe habari, na jambo likatengenezwa kimya kimya, hata msimamizi wa karamu asijue divai imetoka wapi. Kwa hiyo bibi asimcheke bwana anapoogopa aibu. Amuulize tu: aibu hii unayoiogopa ni ya nani? Ni ya mgeni atakayekosa kula, au ni yako utakapokosa kusifiwa? Hizi ni aibu mbili tofauti. Ya kwanza inastahili kuandaliwa sufuria. Ya pili haishibi hata ukichinja fahali wawili.

MAOVU NI MAWILI

Wahenga wa falsafa waliyafikiria mambo haya kabla yetu. Aristotle, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 300 kabla ya Kristo, alifundisha katika kitabu chake cha maadili kwamba kutumia mali nyingi kwa jambo kubwa ni fadhila, lakini fadhila hiyo ina maovu mawili pembeni yake. Upande mmoja yuko mpenda makuu. Mfano wake ni mtu anayewaandalia wenzake mlo wa kawaida kana kwamba ni karamu ya arusi. Upande wa pili yuko bahili, ambaye hutumia fedha nyingi sana halafu akaharibu kazi yote kwa kubana senti ndogo mwishoni. Katika karne ya 13 Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua fundisho hili na kuliweka katika Summa yake, miongoni mwa fadhila za Mkristo.

Tazameni jinsi picha hizo mbili zinavyofanana na nyumba zetu. Mpenda makuu tunamjua: hema la rangi, keki ya ghorofa tatu, vipaza sauti vinavyosikika hadi kijiji cha pili, na mtoto mdogo wa nyumba hiyo anarudishwa kutoka shule kwa sababu ya karo. Lakini bahili naye yupo, hata kama hatumtambui. Ni yule aliyekodi viti mia tatu, akachinja ng'ombe, kisha akakataa kununua maji safi ya kunywa na sabuni ya kunawa, au akasahau kwamba wapishi nao wana matumbo.

Fadhila iko katikati, lakini katikati hiyo si nusu ya hesabu. Si kwamba bwana amesema mia tatu na bibi mia na hamsini, basi tuandike mia mbili na ishirini na tano tulale. Kugawa tofauti hivyo kunanyamazisha ugomvi bila kujibu swali. Kipimo cha fadhila ni akili: mtumie kiasi kinacholingana na jambo lenyewe, na watu wenyewe, na mfuko wenyewe.

JE, WINGI NI DHAMBI?

Huenda bwana akauliza: kama kiasi ni fadhila, mbona Kana palikuwa na wingi wa namna ile? Swali hilo ni la kweli. Mitungi ilikuwa sita, na kila mmoja ulichukua nzio mbili au tatu. Kwa vipimo vyetu ni karibu lita 500 hadi 700 za divai, na tena kwa watu ambao walikuwa wamekwisha kunywa. Huo si mkono wa mtu bahili.

Jibu ni kwamba wingi wenyewe haujawahi kuwa dhambi. Ile divai haikutoka mezani pa mtu mwingine. Hakuna mtoto aliyekosa karo kwa ajili yake, hakuna mjane aliyelazimishwa kuchanga, hakuna deni lililoachwa asubuhi. Na tena Yohane huyohuyo, katika sura ya sita, anasimulia jinsi watu elfu tano walivyolishwa wakashiba, kisha Bwana akaagiza mabaki yakusanywe ili kisipotee kitu, vikajaa vikapu kumi na viwili. Aliyeweza kuumba mikate mingine alijali makombo ya ile iliyokwisha.

Basi kipimo cha karamu njema si udogo wake. Kipimo ni maswali mawili: wingi huu umetoka kwa nani, na unamfikia nani? Karamu kubwa inayotoka katika mali yenu halali na kuwafikia wenye njaa ni njema. Karamu ndogo iliyofanywa kwa fedha za siri, wakala watu wanne wa meza kuu, ni mbaya.

SHUKRANI NI DENI, KARO NI DENI

Sasa tumsikilize bibi. Anasema: mahafali ni Desemba, na Januari watoto wawili wanarudi shule. Tusifanye sherehe, fedha ziende kwenye karo. Anasema kweli, lakini si kweli yote.

Watoto wengi wa Kenya hawakusomeshwa na baba na mama peke yao. Kulikuwa na harambee. Jirani aliyeuza kuku akatoa mia mbili, mjomba aliyeuza mbuzi, jumuiya iliyopitisha kofia baada ya sala, mwalimu aliyemruhusu mtoto aingie mtihani kabla ya kumaliza malipo. Watu hawa hawakukopesha kwa riba, lakini wana haki ya kuona matunda ya walichopanda. Kuwaita na kuwapa chakula ni kuwalipa. Familia inayopokea michango ya watu kwa miaka minne, kisha ikafunga lango siku ya furaha, imekosa haki hata kama imeokoa fedha.

Hapo ndipo penye ugumu: haki mbili zinadai mfuko mmoja. Tufanye nini?

Fikirini tofauti iliyopo kati ya madeni haya mawili. Karo imeandikwa kwa tarakimu. Mwalimu mkuu hawezi kupokea nusu kwa moyo mkunjufu akaiita kamili. Lakini shukrani haikuandikwa kwa tarakimu. Mjomba aliyeuza mbuzi hakusema atalipwa kwa pilau na kuku. Ukimkaribisha kwa githeri iliyokaangwa vizuri, chai ya maziwa na maneno ya heshima mbele ya watu, amelipwa. Shukrani inaweza kutiwa katika chombo kidogo na uzito wake usipungue.

Kwa hiyo kanuni tunayowapendekezea ni hii: fedha zikipungua, punguzeni aina za vyakula, msipunguze watu wenye haki ya kula. Idadi ya watu ni jambo la haki. Idadi ya sufuria ni jambo la uwezo. Mara nyingi sisi tunafanya kinyume: tunakata majina ya majirani ili tupate nafasi ya sahani ya sita. Mkishika kanuni hii, bwana atapata watu wake, na bibi atapata karo yake. Na ikiwa hata githeri kwa wote inazidi uwezo, basi iwe chai na mandazi baada ya Misa ya shukrani, mtoto asimame katikati na kuwashukuru watu kwa majina yao. Hiyo nayo ni karamu.

Jambo moja tu halina mjadala: deni la siri. Bwana asichukue mkopo wa chama cha akiba, wala bibi asiombe zamu yake ya chama mapema, wala yeyote asikope kwa simu usiku, bila mwenzake kujua. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga. Lakini hata kabla ya matanga kufika, mkopo wa siri umekwisha kula kitu ambacho hakirudishwi kwa fedha. Ninyi wawili ni mwili mmoja, na mwili hauwezi kuwa na mkono mmoja unaotia sahihi huku mkono wa pili haujui.

SASA SHIKENI KALAMU

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba ni lazima aketi kwanza ahesabu gharama, asije akacheka naye kila apitaye. Kuhesabu si kukosa imani. Basi ketini kitako na daftari.

Kwanza, kila mmoja wenu aandike orodha yake peke yake, kisha mbadilishane. Kando ya kila jina andikeni sababu. Wengine mtaandika: alimsaidia mtoto. Wengine: ni ndugu au jirani. Wengine: sisi tulikula kwake. Zote ni sababu za haki. Lakini mtakuta majina ambayo sababu yake, mkisema kweli, ni moja tu: nataka huyu aone. Hayo yazungumzieni polepole. Huko ndiko sufuria zinakovimba.

Pili, hesabuni sahani, si vichwa. Mtoto mdogo ni nusu sahani. Tuseme mna watu wazima 130 na watoto 60: hizo ni sahani 160. Ongezeni wapishi, wapakuaji na vijana wa hema, tuseme 20: zimekuwa 180. Ongezeni 20 za wasioalikwa, maana karamu ya nyumbani kwetu haina lango, na anayepita njiani huitwa. Jumla ni sahani 200. Msiwatoe walioalikwa ambao mnadhani hawatakuja. Nafasi zao huzibwa na wengine.

Tatu, chagueni vyakula vizito viwili tu. Tuseme ni wali au pilau, pamoja na chapati. Kilo moja ya mchele mbichi hutosha watu 10 ikiwa kuna chapati kando, au watu 7 au 8 ikiwa wali ni peke yake. Kwa sahani 200 mnahitaji kilo 20 za mchele penye chapati. Pasipo chapati, kilo 25 hadi 30. Kilo moja ya unga wa ngano hutoa chapati 10 hadi 12, kwa hiyo chapati 200 zinataka kilo 18 hadi 20, yaani pakiti tisa au kumi za kilo mbili. Zikateni nusu kabla ya kupakua. Mtu huchukua nusu ya pili akiwa na njaa, lakini nzima aliyoimega kidogo hairudi sufuriani.

Nyama yenye mifupa, gramu 200 kwa kila sahani ni kiasi cha heshima, yaani kilo moja kwa watu watano. Kwa watu 200 ni kilo 40, pamoja na ile ya pilau. Mbuzi wa kadiri akichinjwa hutoa kilo 12 hadi 15 za nyama, hivyo mbuzi watatu wanatosha, na hakuna haja ya kuuza ndama. Viazi vya mchuzi, kilo 25. Kabichi kubwa moja kwa watu 10, kwa hiyo 20. Kachumbari, kilo 10 za nyanya na 5 za vitunguu.

Chai ya kikombe kimoja kwa kila mtu ni lita 50, nusu yake maziwa. Soda mkipenda: chupa moja kwa kila mtu na nusu ya watu waongezwe ya pili ni chupa 300, yaani kreti 13 za chupa 24. Maji ya kunywa, nusu lita kwa kila mtu, ni mitungi mitano ya lita 20, mbali na ya kupikia na kuoshea. Bei msiikisie, nendeni sokoni wiki hiyohiyo mkaiandike. Jumla ikizidi mlichonacho, rudini kwenye kanuni: futeni aina moja.

Nne, angalieni saa. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe nje kikapoa kwa zaidi ya saa mbili, na cha kungoja kiwekwe moto wa zaidi ya digrii 60. Pilau ya kupikwa usiku ikaliwa saa tisa alasiri baada ya hotuba kumi na mbili inaweza kulaza kijiji kizima. Basi pikeni asubuhi, na hotuba zije baada ya kula. Msemaji akiwa na jambo la maana, watu walioshiba watamsikiliza.

SUFURIA MOJA AU MBILI?

Kuna desturi ambayo imeingia katika sherehe zetu na inahitaji kuangaliwa. Nyuma ya nyumba hupikwa vyakula viwili: kuku na samaki wa meza kuu, na kabichi yenye mchuzi mwepesi ya wale walio chini ya mwembe. Wageni wote wanaona. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho katika barua yake ya kwanza, sura ya 11, kwa sababu walipokusanyika mmoja alibaki na njaa na mwingine akalewa, na waliokosa wakatahayarishwa.

Mtu atasema: je, tusiwaheshimu wazee? La, waheshimiwe. Mzee apewe firigisi yake, akae kivulini, apakuliwe kwanza, anawishwe mikono. Heshima inakaa vizuri katika utangulizi na katika namna ya kuhudumia. Lakini heshima ya mzee haihitaji njaa ya mjane ili ionekane. Sufuria iwe moja, na zamu ziwe za heshima.

Na kuna wengine wanaosahauliwa kuliko wote. Ni akina mama walioamka saa tisa usiku, wakavuta moshi, wakapepeta, wakakanda, wakapakua. Jioni wanagawana ukoko. Bwana, hilo ni jukumu lako. Kabla sahani ya kwanza haijatoka jikoni, hakikisha sufuria ya wapishi imetengwa na kufunikwa. Usimwachie bibi yako jambo hilo, maana yeye mwenyewe ni mmoja wa wapishi na ataona aibu kudai. Nyumba nyingi bibi huikumbuka siku ya mahafali ya mwanawe kama siku ambayo hakumwona mwanawe. Vijana wa kiume wateke maji, wakate kuni, waoshe sufuria. Na mama wa mtoto apewe nafasi ya kuvaa nguo yake nzuri na kuketi.

KINACHOBAKI

Hata mkihesabu vizuri, kitabaki kitu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Nairobi, iliyotolewa mwaka 2024, inaeleza kwamba mwaka 2022 chakula kilichotupwa duniani kilifika tani bilioni 1.05, na asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani, si hotelini wala dukani. Kwa hiyo si matajiri wa mbali tu wanaotupa.

Amueni mapema mabaki yataenda wapi. Zamani tulifungia watu katika mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, basi tengeni vyombo au mwambie jirani aje na bakuli lake. Kisha kuna wale ambao hawakuweza kuja: mgonjwa, mzee asiyetembea, mama aliyejifungua juzi. Sahani zao zipakuliwe wakati chakula kingali moto, kabla ya watu kuongezewa, na wapelekewe. Chakula kilichotengwa kwa ajili ya mtu si mabaki. Katika sura ileile ya 14 Luka anakumbusha kuwaita wale wasioweza kutuita nao. Hao ndio tunaowapima nao karamu yetu.

NA MTOTO MWENYEWE?

Mara nyingi tunamsahau mwenye joho. Mwulizeni anataka nini. Huenda anajua jambo ambalo hamlijui. Kama alisoma kwa mkopo wa HELB, anajua kwamba ataanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, awe amepata kazi au hajapata. Anajua pia kwamba ng'ombe atakayechinjwa leo atatajwa kila atakaporudi nyumbani bila kazi: tulikufanyia sherehe, mbona hutuletei kitu?

Hapo ndipo karamu hugeuka kuwa deni jipya, na mdaiwa ni mtoto. Zawadi inayodaiwa baadaye si zawadi. Mkila kwa furaha yake, iwe ni furaha ya kile alichokwisha kufanya: kukesha, kuvumilia, kumaliza. Msile mshahara ambao bado hajaupata.

ZUNGUMZENI NINYI WAWILI

Kabla ya kumwita mtu wa hema, tafuteni saa moja ya utulivu, watoto wakiwa wamelala, mkajibu maswali haya, kila mmoja kwa zamu, mwenzake akisikiliza bila kumkatiza:

1. Ni watu gani watano ambao bila wao mtoto wetu asingefuzu? Je, wamo katika orodha, na wataketi wapi?

2. Ni aibu gani ninayoiogopa siku hiyo? Ni ya mgeni au ni yangu?

3. Je, kuna shilingi yoyote ya sherehe hii ambayo mwenzangu haijui ilikotoka?

4. Siku ya Jumatatu baada ya sherehe, ni nani katika nyumba hii atakayekosa kitu kwa sababu ya tulichokula Jumamosi?

Swali la nne ndilo kubwa. Mkiweza kulijibu kwamba hakuna, basi pikeni, pigeni vigelegele, na mkunje mikono ya shati mkapakue wenyewe. Mkikuta yuko mmoja, hata akiwa ni mdogo kuliko wote nyumbani, bado hamjamaliza hesabu. Futeni aina moja ya chakula, mhesabu tena.